Nyama Iliyocheza kwenye Sinia

Nyama ilianza kucheza mara tu Bi Somoe alipomaliza kuinyunyizia chumvi, na bahati mbaya sinia lenyewe lilikuwa mapajani mwa Cuthbert.

Cuthbert alikuwa mtani. Alipanda kutoka Masasi siku iliyotangulia pamoja na watu wa bwana harusi, ndani ya kosta ya kukodi. Hakuna aliyemwalika, na hakuna aliyeshangaa kumwona. Wamakua wa kwao na Wamakonde wa hapa Mkunya, kijijini kwa bibi harusi, wametaniana tangu enzi za mababu, na harusi isiyo na mtani huku kwetu ni kama chai isiyo na sukari: inanyweka, lakini unajiuliza umemkosea nani. Kazi ya mtani ni kuharibu. Anaruhusiwa kuficha kiatu cha bwana harusi, kulala mlangoni watu wasipite, kuiba chakula na kukishikilia mpaka mwenye chakula akikomboe, na hakuna mwenye haki ya kumkasirikia.

Asubuhi ile aliiba sinia la kwanza la minofu, ya paja, ikiwa bado inafuka mvuke. Akakaa juu ya kinu kilicholazwa, akalipakata sinia, akatangaza kwamba haondoki mpaka apewe jogoo. Bi Somoe, shangazi wa bibi harusi na mkuu wa jiko lote, hakuwa na muda wa kubishana. Aliagiza jogoo, akaletwa, Cuthbert akamshika miguu kwa mkono wa kulia. Lakini sinia hakulitoa. Alisema jogoo amekonda, ataanza kwanza kumsikiliza moyo.

Basi Bi Somoe akaamua kufanya kazi yake palepale, juu ya mapaja ya mtani.

Siku nyingine mambo yasingekwenda hivyo. Nyama ya shughuli huoshwa, hutundikwa kwenye mkorosho, husubiri wakati wanawake wanapika chai na kusengenya, na chumvi inapoifikia imeshatulia kama kiti. Lakini bomba lilikuwa limekauka tangu juzi, na maji ya lori la boza yalikuwa yametengwa kwa ajili ya ubwabwa. Ilibidi chumvi na ndimu vifanye kazi ya maji, tena haraka, kabla nzi wa Mkunya hawajaitana. Bi Somoe alinyunyiza chumvi kwa mkono wa mtu aliyekasirika.

Kipande cha kwanza kilijikunja taratibu, kama mtu anayekunja uso akiambiwa nauli imepanda. Cha pembeni yake kikatetemeka. Kisha sinia zima likaanza, mnofu huu unaruka, ule unajinyonga, mwingine unapapasa ukingo kama unaotafuta pa kutokea.

Cuthbert alitazama chini. Sinia likaenda juu, yeye akaenda mbele, na kwa kuwa mbele palikuwa na uzio wa makuti, alipita katikati yake bila kuuliza. Tundu aliloacha lilikuwa na umbo lake kabisa, pamoja na mkono mmoja ulionyooka ukiwa na jogoo. Minofu iliangukia juu ya majani ya migomba yaliyotandikwa, ikaendelea kucheza huko.

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika hadi mji wa Kitangari. Mwanamke mmoja alilala chini. Mwingine aliungua na kijiko kwa sababu alisahau kwamba amekishika.

Mtani hapaswi kuchekwa. Yeye ndiye huja kucheka wengine. Cuthbert alirudi kupitia tundu lake mwenyewe, kofia haipo, jogoo yupo, akatafuta neno la kugeuza kicheko kiende upande mwingine. Akalipata.

"Mnacheka nini?" alisema. "Ng'ombe wenu hajafa."

Alitania tu. Nilimwona usoni kwamba anatania. Lakini kicheko kilikatika, na macho ya uwanja mzima yakamgeukia Mzee Fakihi.

Mzee Fakihi, babu wa bibi harusi, ndiye aliyechinja. Alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mkorosho, kanzu imekunjwa mpaka magotini, kisu bado kiko mkononi. Ameichinjia Mkunya yote tangu ujana wake, harusi, jando, sikukuu, na amewachinjia Waislamu na Wakristo, kwa sababu katika familia za huku hao wote hula sinia moja. Mwaka jana alipata kiharusi. Mguu ulirudi upesi. Mkono wa kulia ulibaki umejikunja kifuani, ngumi imefumbwa, kama mtu aliyeficha peremende.

Mimi ndimi niliyekuwa nikiutibu mkono huo. Nilisomea tiba ya viungo, nafanya kazi hospitali moja Newala mjini, na watu hupenda kuniita daktari wa mazoezi ingawa huwa nawasahihisha kwa sauti ndogo ambayo hawaisikii. Kila wiki nilikuwa nikipanda bodaboda mpaka Mkunya na kimashine changu cha betri, kikubwa kama redio ya mkononi, chenye nyaya na vibandiko viwili. Unabandika juu ya msuli, unafungua, umeme mdogo sana unapita, msuli unavuta, vidole vinafunguka vyenyewe. Siku ya kwanza kidole chake cha shahada kiliponyanyuka, Mzee Fakihi alikitazama kwa makini, akakijibu, "Marahaba." Nilipomuuliza kwa nini, akasema kidole ni mdogo kwake na ndicho kilichoanza, asingeweza kukinyamazia.

Miezi yote hiyo alikuwa na ombi moja tu. Alimwahidi mjukuu wake, tangu binti huyo akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni, kwamba ng'ombe wa harusi yake atamchinja yeye kwa mkono wake. Alikuwa haombi kuandika wala kupiga mswaki. Alikuwa anaomba kisu. Alfajiri ile aliniita mapema niuamshe mkono kabla ya kazi, na nilikuwa nimesimama pembeni nikitazama alipochinja. Mkato mmoja, safi. Ng'ombe alikwenda bila malalamiko. Mimi ndimi niliyelia kidogo, nikasingizia vitunguu.

Na sasa mtani alikuwa amesema ng'ombe hajafa.

Minong'ono ilianza upande wa wageni ikaja upande wetu. Mkono ule ni mgonjwa, tulijua wote. Mkono mgonjwa hauwezi kumaliza kazi. Nyama ya mnyama aliyekatwakatwa kabla hajakata roho hailiki, kwa dini wala kwa tumbo. Jafari, mjomba wa bwana harusi, mwenye bucha Masasi na miwani ya jua hata kwenye kivuli, alisema kwa heshima zote kwamba kwenye gari lake kuna kisu, na kwamba kwa jirani kuna dume lingine, na kwamba yeye yuko tayari, akiombwa. Alisema ameuza nyama miaka mingi na hajaona hata kilo moja ikiruka. Hilo lilikuwa kweli. Nyama ya buchani hutundikwa, wala hakuna anayeitia chumvi kabla haijapoa.

Bi Somoe alisimama katikati akifuta mikono kwenye khanga. Ni binti wa Mzee Fakihi. Lakini kule ndani kulikuwa na bibi harusi aliyepakwa hina, barazani kulikuwa na wazee wanaosubiri ndoa ifungwe, na sufuria kubwa kuliko zote ilikuwa jikoni ikichemsha maji matupu.

"Baba," alisema polepole, "mpe Jafari kisu."

Sote tulijua maana yake. Huku kwetu kisu cha kuchinjia kikitoka mkononi mbele ya watu, hakirudi. Kuanzia siku hiyo Mzee Fakihi angeitwa harusini kula tu.

Alisimama. Alinyoosha mkono wa kulia, na kisu, mbele ya Jafari. Jafari akashika mpini, akavuta. Kisu hakikutoka. Akavuta tena kidogo, Mzee Fakihi akasogea pamoja na kisu. Jafari akarudi nyuma hatua nzima, akavua miwani. Watu nao wakarudi nyuma. Mzee amekataa, walisema, amekasirika, mwacheni.

Hakuwa amekasirika. Mkono wake siku hizi hufumba vizuri sana, kama koleo. Shida ni kufumbua. Alikuwa amekishika kisu tangu alipochinja kwa sababu vidole havikumwachia, akaketi nacho kwenye kigoda akijifanya anapumzika. Nilijua mimi peke yangu, na yeye alijua kwamba najua. Kimashine changu kilikuwa kwenye pochi, hatua chache tu. Ningekibandika mkononi mwake vidole vingefunguka, na kila mtu angeona kwamba kweli ule mkono hauna nguvu. Alinitazama juu ya vichwa vya watu, akatikisa kichwa kidogo sana.

Nilikuwa nyuma ya magunia ya mkaa, namenya vitunguu saumu. Ni kazi ninayoichagua kila shughuli, kwa sababu mtu anayemenya vitunguu saumu hasemeshwi. Nikasimama. Maganda yakamwagika kutoka mapajani.

"Amekufa," nilisema. "Ng'ombe amekufa kabisa. Ile ni misuli tu."

Magunia ya mkaa yalinisikia. Hakuna mwingine aliyenisikia isipokuwa Cuthbert, aliyekuwa amesimama karibu, na nadhani alikuwa anatafuta mahali pa kujificha kama mimi. Alikuwa amemwona Mzee Fakihi akivutwa na kisu chake, na utani ulikuwa umemtoka usoni. Mtani hana njia ya kufuta alichosema, maana mtani hajawahi kumaanisha kitu. Lakini ana njia ya kuongeza kelele. Alinishika kiwiko akanipandisha juu ya kinu.

"Huyu ndugu yetu Yasinta ana neno," alitangaza. "Sauti yake ndogo, nitamkopesha yangu."

Nilitaka kinu kigeuke kisima niingie.

Nilianza kama tulivyofundishwa chuoni, nikitazama vidole vya miguu yangu. Nilisema ndani ya kila chembe ya msuli kuna ghala dogo la madini ya kalsiamu. Cuthbert akapaza sauti, "Anasema ng'ombe alikuwa na ghala." Mzee mmoja barazani akauliza, ghala la mahindi au la korosho. Nikasema umeme hupita juu ya ngozi ya chembe, ukaingia ndani kwa vijifereji vyembamba, ukafungua ghala hilo. "Anasema ng'ombe alikuwa na umeme." Mwanamke mwenye kijiko akauliza mbona basi sisi tuko gizani tangu Alhamisi. Nikasema chumvi ina chembechembe zenye chaji. Cuthbert akanigeukia, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hiyo hawezi kuipaza, atachekwa mara ya pili kwa siku moja.

Jafari alikuwa ameshavaa miwani tena. Nilimwona Mzee Fakihi ameketi, kisu gotini, anatazama mbali kama mtu anayesubiri basi ambalo tayari limepita.

Nikaacha chuo nikatafuta kitu cha hapahapa.

"Chukueni uwanja wa shule ya msingi," nilisema. "Huo ndio msuli. Watoto ndio kalsiamu. Wamefungiwa madarasani, milango imefungwa. Nje kuna kamba ya kuvuta. Mwalimu mkuu ndiye ubongo. Akitaka kazi ifanyike, anamtuma mtu akagonge ile rimu ya lori iliyotundikwa. Mlio ndio umeme. Ukifika milangoni, milango inafunguka, watoto wanamwagika uwanjani, wanakamata kamba, wanavuta. Hapo ndipo msuli unajikunja. Wakimaliza, walimu wa zamu wanawaswaga warudi darasani, na msuli unalegea."

Kwa kweli si watoto wenyewe wanaovuta. Kalsiamu hufungua tu mahali ambapo nyuzi za msuli hushikana, na nyuzi ndizo zinazovutana. Lakini niliona nikifika huko tutafunga ndoa Ijumaa ijayo.

Cuthbert hakuongeza neno. Aliyarudia yote kama yalivyo, mpaka walimu wa zamu.

Bi Somoe alikuwa amenikaribia. "Na mwalimu mkuu akifa?"

"Watoto bado wamo darasani, Mama. Uji wa asubuhi bado uko tumboni. Na rimu bado imetundikwa. Mbuzi akipita akaigonga kwa pembe, watoto watatoka vilevile. Hawaulizi nani amegonga."

Kila mtu pale amewahi kuwa mtoto wa shule, na nadhani kila mtu alikuwa anakumbuka kama amewahi kuuliza.

"Na hapa mbuzi ni nani?"

"Chumvi, Mama."

Bi Somoe alitazama bakuli lake la chumvi kwa wasiwasi mpya kabisa.

Jafari alisema hadithi ni nzuri na angependa watoto wake waisikie, ila hadithi haichinji. Kitu hakitikisiki kama hakitaki kutikisika. Mkono wake yeye unanyanyuka kwa sababu yeye ameamua. Kama mkono wa mtu unaweza kufanya jambo mwenyewe akiwa hataki, basi aonyeshwe, naye atakubali ng'ombe amekufa, atakuwa wa kwanza kupuliza moto.

Nikakumbuka kimashine. Nikamtazama Mzee Fakihi, nikayaondoa macho upesi. Sijui kama Cuthbert aliona. Lakini alikunja shati lake kwenye mkono wa kulia, ule wenye jogoo, akauleta mbele yangu.

"Nifunge mimi," alisema. "Huyu jogoo ni fidia yangu. Nimemtolea jasho, nimevunja uzio kwa ajili yake. Mkono huu ukimwachia, si mimi niliyemwachia."

Masharti yakawekwa na watu wote kwa pamoja, kila mmoja akisema yake. Mwisho yalibaki mawili. Cuthbert akimshikilia jogoo, Jafari aende kwa jirani akaangalie lile dume. Jogoo akimtoka, ng'ombe amekufa, na jogoo ni wa atakayemkamata. Hilo la pili lilifanya wanawake kadhaa wafunge khanga vizuri.

Nilileta pochi. Kibandiko cha kwanza kikashikana na kidole changu. Nilivibandika juu ya mkono wa Cuthbert chini ya kiwiko, upande wa nje, palepale ninapobandika kwa Mzee Fakihi, kwenye misuli inayofungua vidole. Nikawaeleza, na safari hii walinisikia bila kipaza sauti kwa maana hata jogoo alikuwa kimya, kwamba kimashine hiki ni mbuzi mwingine tu, mpole kuliko chumvi, na kwamba kitagonga rimu bila kumwuliza Cuthbert.

Nikafungua kidogo. Cuthbert akasema inamwasha kama siafu wachache. Nikaongeza. Akasema siafu wameita ndugu zao. Alikaza ngumi mpaka jogoo akalalamika. Nikaongeza tena kidogo sana.

Kidole chake cha kati kikanyanyuka.

"Rudi," alikiambia.

Kikafuata cha pete, kisha cha shahada. Kiganja kilianza kupinda kwenda juu. Cuthbert alivikemea vidole vyake kimoja kimoja, akaviahidi mambo, akavitukania ukoo, ambao ulikuwa ukoo wake. Kidole kidogo kilinyooka taratibu kama cha mtu anayekunywa chai kwa wakwe. Jogoo akabaki ameshikwa na gumba peke yake. Kisha hakushikwa na kitu.

Jogoo alisimama chini kwa muda mfupi akijikung'uta, bila kuamini. Halafu akakimbia moja kwa moja, akapita kwenye tundu la uzio lenye umbo la Cuthbert, na wanawake watatu nyuma yake.

"Umemwachia kwa nini?" Bi Somoe alimuuliza.

"Mimi sikumwachia."

"Sasa nani kamwachia?"

Cuthbert aliutazama mkono wake uliofunguka mbele ya watu wote, mtupu, ukitetemeka kidogo kwa mwendo wa betri.

"Watoto," alisema. "Wametoka darasani."

Kicheko kilirudi, cha namna nyingine. Hata bibi harusi alisikika akicheka huko ndani, na somo wake, kungwi wa harusi, akimwambia anyamaze, hina itaharibika. Jafari alivua miwani kwa mara ya mwisho siku hiyo. Aliomba aguse kidogo tu kimashine, akafungwa, akaona kidole chake kikipanda, akasema astaghafiru, akaomba tena.

Ndipo Mzee Fakihi aliposema neno lake la kwanza tangu asubuhi. Hakusimama.

"Kichwa cha ng'ombe kiko pale chini ya mkorosho," alisema. "Tangu alfajiri hakijaniuliza miguu yake iko wapi. Kama yuko hai, nendeni mkampe habari."

Bi Somoe ni mtu wa kuhakikisha. Alikwenda kweli mpaka chini ya mkorosho, akainama, akalitazama jicho la ng'ombe muda mrefu, akarudi akifunga khanga yake upya. Alisema basi, jiko liendelee.

Liliendelea, ila kwa shida, kwa sababu kila mtu sasa alitaka kuwa mbuzi. Wazee walishuka barazani kwa foleni kuja kutia chumvi kidogo tu, waone. Jafari alichagua vipande ambavyo havijaguswa, vimelala kimya, akavinyunyizia kitaalamu na kuwaeleza watu wa Masasi habari za mwalimu mkuu kana kwamba alisoma naye. Niliwaambia haitachukua muda, uji ukiisha tumboni mwa watoto hawataweza kuvuta tena, wala kurudi darasani, watabaki wameng'ang'ania kamba, na nyama itakakamaa. Ikawa hivyo. Kipande kimoja baada ya kingine kikatulia, na wale waliochelewa kwenye foleni walilalamika kwamba wenzao wamewamalizia watoto. Chumvi iliyoingia kwenye nyama ile ilitosha harusi tatu. Jioni boza lilikauka kwa kiu ya watu kabla ya ubwabwa kwisha.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na shingo.

Mchinjaji hupewa shingo. Ni heshima yake, na hupewa mbele ya watu na mwenye jiko. Bi Somoe aliileta juu ya jani la mgomba, nzito, ikiwa na chumvi yake tayari kwa sababu na yeye alikuwa amejaribu kuwa mbuzi. Alipiga magoti mbele ya kigoda.

"Shingo yako, Baba."

Shingo hupokewa kwa mikono miwili. Mzee Fakihi alitazama shingo, akatazama ngumi yake yenye kisu. Uwanja haukujua kitu, ulikuwa unasubiri tu kama inavyosubiriwa dua. Mimi nilijua. Niliinuka kwenye kinu nilipokuwa nimeketi. Kimashine kilikuwa upande wa pili, kwenye mkono wa Jafari, na watu wanane walikuwa wamekizunguka. Hata kama ningekimbia, ningefanya nini nacho?

Alishusha mkono ukatulia juu ya goti. Hakuukaza. Ndivyo nilivyomfundisha, usipigane nao, utume ujumbe kisha subiri, njia imeharibika, mjumbe anapita porini. Alifumba macho. Midomo ilicheza kidogo, na nadhani alikuwa anagonga rimu, taratibu, kutoka mbali sana.

Kidole cha shahada kilinyanyuka kwanza.

Kisha cha kati. Vingine vilijivuta kama watu walioamshwa mapema. Kisu kilianguka kwenye jani kwa sauti ndogo ambayo ni mimi na Bi Somoe tu tulioisikia, na Bi Somoe, ambaye sikujua kama anajua chochote, alikisukuma taratibu kando ya kigoda, kikabaki upande wa baba yake.

Mzee Fakihi alipokea shingo kwa mikono miwili. Chumvi ilikuwa imebakiwa na kazi moja, maana shingo ilitikisika mara moja mikononi mwake, ikainama mbele.

"Marahaba," aliijibu, akaondoka nayo kwenda barazani.